"Hizi ni za nini?" Kisa cha Judith Baca na ukuta wa Tujunga

Mwaka 1969 Judith Baca alihitimu shahada ya sanaa katika chuo cha serikali kilichopo Bonde la San Fernando, kaskazini mwa Los Angeles. Amesimulia kwamba alimwonyesha bibi yake, Francisca, kazi alizozichora chuoni. Bibi akazitazama, kisha akauliza: hizi ni za nini?

Francisca alikuwa mganga wa mitishamba wa Kimeksiko, curandera kama wanavyoitwa kwao. Kwa mtu wa kazi ile swali hilo halina kejeli hata chembe. Kila jani lililoanikwa nyumbani mwake lina maradhi yake, na jani lisilo na kazi halianikwi. Mjukuu hakuwa na jibu la kumpa.

Jibu lilipatikana baadaye, ndani ya mfereji wa zege wa Tujunga, kwenye mchoro mrefu wa ukutani uitwao Great Wall of Los Angeles, mbele ya vijana 80 ambao wengi walikuwa wamepelekwa pale na vyombo vya sheria. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Maoni yangu nayatanguliza ili msomaji anipinge mapema: nadhani kazi kubwa ya Baca ni utaratibu alioujenga wa kufanya kazi na watu, na mchoro ni ushahidi wake. Rangi zake zinasifiwa, na zinastahili. Lakini anayeutazama ukuta ule bila kuuliza nani alilipwa, nani alitoa kibali na nani alipangwa kundi moja na nani, ameona nusu tu.

Nyumba ya wanawake

Baca alizaliwa Los Angeles mwaka 1946. Miaka yake ya kwanza aliishi mtaa wa Watts, katika nyumba ya wanawake watupu: mama aliyefanya kazi kiwanda cha matairi, bibi, na shangazi zake. Kilichozungumzwa nyumbani ni Kihispania. Alipoanza shule, Kihispania kilikuwa marufuku darasani na Kiingereza hakukijua, basi mwalimu akamwachia rangi na karatasi pembeni wenzake wakiendelea na masomo. Ni jambo dogo, la kufedhehesha, na mtu angeweza kulipamba likawa hadithi ya "hapo ndipo kipaji kilipochipuka". Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Mtoto yule alijifunza mapema kwamba mchoro ni kitu unachopewa unaponyimwa lugha.

Baca hujiita Chicana, na neno hilo linahitaji maelezo kwa wasomaji wa huku kwetu. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko ililazimika kuiachia Marekani eneo kubwa la kaskazini, California ikiwemo. Wameksiko waliokuwa wakiishi humo walilala raia wa nchi moja wakaamka katika nyingine. Kizazi chao, pamoja na cha waliohamia baadaye, wana usemi kwamba hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowavuka wao. Miaka ya 1960 vijana wao walilichukua neno Chicano, lililokuwa na harufu ya dharau, wakajiita kwa fahari. Chicana ni mwanamke wa jamii hiyo, na aghalabu ni mwanamke mwenye msimamo wa kisiasa. Mama yako anaweza kujiita Mmeksiko na wewe ukajiita Chicana chini ya paa moja, na ubishi ukawepo mezani.

Urithi wa kuchora kutani walikuwa nao. Baada ya mapinduzi ya Meksiko, Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros walijaza kuta za majengo ya umma historia ya taifa lao. Siqueiros alifika Los Angeles mwaka 1932 na kuchora América Tropical karibu na mtaa wa Olvera: mwenyeji wa asili amesulubiwa, tai wa Kimarekani yuko juu yake. Wenye mji hawakukipenda walichokiona na mchoro ukapakwa chokaa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 chokaa ilikuwa imeanza kupauka na mistari ikajitokeza tena, wakati uleule vijana wa Kichicano walipokuwa wakigoma kwenye shule za mashariki ya jiji. Mambo mengine hata ungetunga usingeyapanga hivyo.

Bustani ya Hollenbeck, 1970

Baada ya chuo, Baca alifundisha katika shule ya Kikatoliki aliyosomea mwenyewe, akafukuzwa pamoja na walimu wengine kwa kupinga hadharani vita vya Vietnam. Akapata kazi ya kufundisha sanaa chini ya idara ya bustani na burudani ya jiji, na safari zake zikamfikisha Boyle Heights, mtaa wa Wameksiko upande wa mashariki.

Kuta za huko zilikuwa zimeshaandikwa. Kila genge lilitia jina lake mahali lilipodai ni pake, na kijana wa mtaa wa pili alijua kwa kusoma ukuta kama apite au ageuke. Wakubwa wa jiji waliyaona maandishi yale kama uchafu wa kufutwa. Baca aliyaona kama watu wanaodai kuwepo. Alikusanya vijana 20 kutoka magenge manne yaliyokuwa na uhasama, wakajiita Las Vistas Nuevas, yaani mitazamo mipya, wakaanza kuchora kwenye jukwaa la muziki la bustani ya Hollenbeck. Walichokichora ni bibi wa Kimeksiko aliyenyoosha mikono kana kwamba anataka kukumbatia bustani nzima. Mchoro uliitwa Mi Abuelita, bibi yangu.

Tazama uchaguzi ule. Mchoraji mwenye haraka ya siasa angechora ngumi iliyokunjwa au shujaa wa mapinduzi. Mwaka 1970 Los Angeles ilikuwa imejaa ngumi. Yeye alitafuta sura ambayo kijana wa genge lolote kati ya yale manne asingethubutu kuipaka matope. Kila mmoja wao alikuwa na bibi, na wengi walilelewa naye. Urithi hapa haukuwa pambo. Ulikuwa ni masharti ya amani ambayo hayakuhitaji kuandikwa.

Hata hivyo amani yenyewe ililindwa kwa ulinzi wa kawaida kabisa. Waliwekwa watu wa doria pembezoni mwa bustani, wakipiga ishara kundi la upinzani likionekana linakuja, na ishara nyingine polisi wakionekana. Napenda kulitaja hilo kila ninaposikia watu wakisema sanaa "inaunganisha jamii", kana kwamba ukifungua kopo la rangi watu huanza kukumbatiana.

Mafanikio ya Hollenbeck yalimpa Baca nafasi ya kuanzisha, mwaka 1974, mpango wa michoro ya ukutani wa jiji zima. Mpango huo ulizaa michoro zaidi ya 400 na kuajiri watu zaidi ya 1,000, wengi wao vijana. Ila pesa ya jiji ilikuja na macho ya jiji. Wakubwa walianza kuhoji nini kichorwe na nini kisichorwe. Mwaka 1976, Baca pamoja na mchoraji Christina Schlesinger na mwongozaji wa filamu Donna Deitch walianzisha taasisi yao wenyewe, SPARC, ili wawe na chombo kinachoweza kupokea fedha na kusimama kati ya mchoraji na mtoa fedha. Makao yao yakawa kituo cha zamani cha polisi cha Venice, kilichojengwa 1929, mahabusu zake zikiwa bado zina nondo. Bado wapo humo.

Mfereji

Sasa tufike Tujunga, maana hapo ndipo penye kisa.

Mto Los Angeles una tabia ya mito ya nchi kavu. Karibu mwaka mzima ni kijito cha kuvuka bila kukunja suruali, halafu mvua ikinyesha milimani unageuka mnyama. Mafuriko ya 1938 yaliua watu zaidi ya 100. Wahandisi wa Jeshi la Marekani wakaamua kuutia adabu: mto na matawi yake vikamiminiwa zege, sakafu na kingo, maji yakimbilie baharini bila kugeuka nyuma. Mmoja wa mikono yake ni korongo la Tujunga, linalokatiza Bonde la San Fernando. Jina lile ni la lugha ya Watongva, wenyeji wa asili wa huko, na hutafsiriwa kuwa mahali pa bibi kizee.

Mwaka 1974 wahandisi walimwendea Baca. Walikuwa wanapanga bustani nyembamba kandokando ya mfereji na walitaka kupapendezesha. Ombi lilikuwa la kawaida, la kufunika ubaya kwa rangi, na wachoraji wengi wangelipokea hivyo. Yeye alipoutazama ukuta ule aliona kovu. Baadaye aliueleza mchoro kuwa ni kama chale ya wino (tattoo) kwenye kovu la pale mto ulipokuwa ukipita. Los Angeles ya vijana wake ilijaa watu waliochanjwa miilini, wengine wakifunika alama za visu, hivyo mfano ule haukutoka mbali.

Kazi ilianza kiangazi cha 1976: vijana 80, wachoraji 10, wanahistoria 5. Walipaka takriban mita 300 za ukuta wenye kimo cha mita 4. Kisha zikaja awamu nyingine nne, 1978, 1980, 1981 na 1983. Jumla yake ni mita 839 hivi na washiriki vijana zaidi ya 400. Ukitembea kwa mwendo wa kawaida toka mwanzo hadi mwisho unatumia dakika kumi, ukiwa huangalii kitu.

Mpangilio wa siku ndio unaonivutia. Vijana waliajiriwa kupitia mpango wa ajira za kiangazi na kulipwa ujira, na hilo lina uzito, kwa kuwa mtoto wa miaka 16 kutoka familia ya vibarua hawezi kuaga kwao kwamba anakwenda kuchora bure. Makundi yalichanganywa makusudi: Mchicano, Mweusi, mwenye asili ya Asia, Mzungu, wa mtaa huu na wa mtaa ule, jukwaa moja, ndoo moja ya maji. Kabla ya brashi kulikuwa na somo. Wanahistoria walizungumza, wazee walioyashuhudia mambo wakaitwa kusimulia, vijana wakachangia yanayojulikana majumbani mwao. Ndipo picha zikapangwa, michoro midogo ikagawanywa kwa miraba na kukuzwa ukutani. Yote hayo yakifanyika kwenye sakafu ya zege isiyo na kivuli, katika joto la bondeni, mahali ambapo mvua ya mlimani ikikukuta umo hatarini.

Lakini nani alichora?

Hapa ndipo kisa kinapopata utata wake, na waandishi wengi wa sifa hupita haraka.

Mwaka wa kwanza kila mchoraji alipewa sehemu yake aiongoze na kundi lake. Matokeo yanaonekana hadi leo: mtindo unabadilika kila hatua kadhaa, kana kwamba unapita mbele ya maduka ya mafundi tofauti. Kwa anayetaka "sauti za wengi" mwaka ule ndio ulio bora. Baca hakuridhika. Mwaka 1977 alikwenda Cuernavaca, Meksiko, kujifunza kwenye karakana aliyoiacha Siqueiros, akasoma jinsi ya kupanga ukuta mrefu kwa vipimo ili jicho la mtu anayetembea libebwe na mchoro badala ya kusimama kila picha. Toka 1978 usanifu wa jumla ukawa mikononi mwake. Na kasi ikapungua. Kiangazi kile walimaliza takriban mita 107 tu.

Je, huo si usaliti wa wazo la jamii? Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na jibu langu ni hapana, kwa sababu moja. Alichokirudisha kwake ni mpangilio. Yaliyomo na mikono vilibaki kuwa vya wengi. Kijana wa miaka 15 ana habari ya babu yake aliyefukuzwa nchini. Hana uzoefu wa kuipanga habari hiyo katika ukuta mrefu wa ajabu. Kumwambia "chora utakacho" ni kumtupia mzigo ambao fundi mwenyewe hauwezi, halafu kazi ikitoka mbovu tunaisifu kwa huruma. Baca hakuwahi kuwahurumia. Aliwataka wachore vizuri, na alijua kuchora vizuri kunataka kiongozi wa kulaumiwa pale mambo yakiharibika.

Gharama ipo, nisiifiche. Mchoro ukishakuwa na mkono mmoja, jina moja ndilo linalobaki kwenye vitabu. Majina ya vijana zaidi ya 400 hayaimbwi. SPARC imekuwa ikiutaja ushiriki wao kila inapoueleza ukuta, lakini ukimwuliza mtu wa kawaida, atasema "ukuta wa Judy Baca".

Yaliyomo

Ukuta unasimulia historia ya California tangu kabla ya binadamu hadi miaka ya 1950 na ukingoni mwa 1960, na unaisimulia kwa kuwaanza waliosahauliwa. Wenyeji wa asili wanakuja na simulizi zao za uumbaji kabla ya meli yoyote ya Kihispania kuonekana. Wachina wanajenga reli. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, Wameksiko, wakiwemo waliozaliwa Marekani, wanapakiwa kwenye treni na kurudishwa Meksiko. Wajapani wa Marekani wanapelekwa kambini wakati wa vita vya pili vya dunia. Mwaka 1943 mabaharia wanawavua nguo vijana wa Kimeksiko barabarani kwa kosa la kuvaa suti pana za mtindo wa wakati huo.

Kipande ninachokirudia zaidi kwenye picha ni kile cha miaka ya 1950, kuhusu Chavez Ravine, makazi ya Wameksiko jijini humo, na kugawanywa kwa mitaa yao. Barabara kuu za magari zinajipinda kama nyoka katikati ya familia, zikiwatenga mtu na mtu wake. Pembeni mwanamke anabebwa na polisi kutolewa nyumbani kwake, na juu angani uwanja wa besiboli unashuka kama chombo cha wageni kutoka sayari nyingine. Tukio ni la kweli: wakazi wa mwisho wa Chavez Ravine waliondolewa kwa nguvu mwaka 1959, na uwanja wa timu ya Dodgers ukafunguliwa 1962. Kinachonifurahisha ni ule ucheshi wa uwanja kuwa sahani inayoruka. Neno "wageni" (kwa Kiingereza aliens, liwe la sayari nyingine au la nchi nyingine), lile linalotumiwa kwa wahamiaji wa Kimeksiko katika Kiingereza cha sheria, limegeuziwa kibao kwa picha tu.

Ukuta huu ungekuwa mwepesi kama ungebaki kwa Wachicano. Wangeweza, kwa kuwa aliyeongoza kazi alikuwa mmoja wao. Lakini kuchanganya makundi kulileta deni: ukimleta mtoto wa Kijapani jukwaani, kambi ya bibi yake lazima ichorwe, na Mchicano ndiye atakayeishika brashi. Mwaka 1983, vijana wale walichora hata waanzilishi wa harakati za mashoga na wasagaji wa miaka ya 1950, jambo ambalo makumbusho nyingi za Marekani za wakati ule zisingeligusa. Kwa hiyo ule "urithi wa kitamaduni" tunaousema hauwi tena sanduku la ukoo mmoja. Unakuwa mahali pa kubishana juu ya nani aliumizwa na nani alishuhudia.

Guadalupe na Baldwin Park

Kazi mbili za baadaye nitazigusa, maana zinaonyesha utaratibu ule ukivuka mipaka ya mfereji. Kati ya 1988 na 1990 Baca alifanya kazi katika mji mdogo wa wakulima uitwao Guadalupe, California, akakusanya kumbukumbu za wakazi na kuzitia kwenye paneli nne: waanzilishi wa mji, michango ya makabila mbalimbali, wafanyakazi wa mashambani, na mji utakavyokuwa. Sina mengi ya kusema juu yake, ila kwamba wafanyakazi wa mashambani ni watu wanaoonekana kwa migongo tu, na pale wamepewa nyuso.

Baldwin Park ni habari nyingine. Mwaka 1993 alikamilisha mnara kwenye kituo cha treni cha mji huo, Danzas Indígenas, ukiwa na maneno yaliyochongwa. Mengine ni ya mwandishi Gloria Anzaldúa, yasemayo ardhi ile iliwahi kuwa ya Meksiko, na ya wenyeji wa asili daima. Mengine yanasema tu kwamba mambo yalikuwa afadhali kabla hawajaja. Mwaka 2005 kundi linalopinga uhamiaji lilikuja kuandamana likidai mnara ubomolewe, likiamini sentensi ile inawatukana Wazungu. Baca akaeleza kwamba maneno yale yalisemwa na Mzungu, mkazi wa pale, akiwalalamikia Wameksiko. Yeye aliyanukuu yalivyo bila kutaja msemaji. Wenyeji walijitokeza kwa wingi kuutetea mnara na mji ukaubakiza.

Mimi nasema sentensi ile ndiyo kazi yake iliyo kali kupita zote, ingawa haina rangi. Kusikiliza jamii maana yake ni kumsikiliza pia yule asiyetaka uwepo. Waandamanaji walijisikia wametukanwa na maneno ya mtu wa upande wao wenyewe.

Ukuta ni wa nani

Mchoro wa ukutani una udhaifu ambao kanvasi haina: ukuta si mali ya mchoraji. California ilipitisha mwaka 1979 sheria ya kulinda kazi za sanaa zisiharibiwe, na serikali kuu ikafuata 1990. Sheria zipo, brashi za wafuta maandishi zipo pia. Mwaka 1984, kwa ajili ya Olimpiki, Baca alichora Hitting the Wall chini ya barabara kuu katikati ya jiji, kuadhimisha marathoni ya kwanza ya wanawake katika michezo hiyo: mkimbiaji anakata utepe na ukuta unapasuka. Mwaka 2019 ulipakwa rangi juu yake katika kusafisha maandishi ya barabarani. Na kati ya 2002 na 2013 jiji lenyewe lilizuia michoro mipya kwenye majengo ya watu binafsi, kwa kuwa kanuni zake zilishindwa kutenganisha mchoro na tangazo la biashara. Mji uliojiita makao makuu ya michoro ya ukutani ukajifunga mikono kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ukuta wa Tujunga ulinusurika. Jua lilikuwa limeula na maji yamepita mara nyingi, ukafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2011, na baadhi ya waliouchora wakiwa vijana walirudi wakiwa watu wazima. Mwaka 2017 ukaingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Wale waliopelekwa kule na vyombo vya sheria mwaka 1976, alama zao sasa zimo katika orodha ya taifa.

Kisha heshima zikaja kwa mkupuo, kama zinavyowajia watu waliofika umri fulani. Mwaka 2021 mfuko wa Mellon ulitoa dola milioni 5 za kuuendeleza ukuta ufikie maili moja, kama kilomita 1.6. Mwaka huohuo makumbusho ya Lucas yalichukua kumbukumbu za kazi ile, yaani michoro ya awali na nyaraka zake. Machi 2023 Rais Joe Biden alimvisha Baca nishani ya taifa ya sanaa. Toka Oktoba 2023 hadi katikati ya 2024, wachoraji wa SPARC walichora vipande vipya ndani ya LACMA, makumbusho ya sanaa ya Los Angeles, mbele ya watazamaji, wakiendelea na miaka ya 1960: harakati za Wachicano na zile za wafanyakazi wa mashambani.

Hapo nina wasiwasi kidogo, na sitausema kwa kuzunguka. Ukumbini kuna kiyoyozi. Mtazamaji amekuja akijua atakachokiona, na sakafu ni safi. Kwenye mfereji mtoto wa genge moja alilazimika kumpa ndoo mtoto wa genge lingine, vinginevyo kazi ilisimama. Na kazi ikisimama, mvua haingojei. Sijui ni kiasi gani cha ule ubishi wa jukwaani kinaweza kuingizwa kwenye jengo. Ninachojua ni kwamba mwanamke mwenye umri wake anastahili kivuli, na kwamba vipande vile vimekusudiwa kuteremshwa Tujunga vibandikwe kwenye zege. Huko ndiko ningependa kuviona kwanza, saa nane mchana, mwezi wa Agosti.